Sarafina ya Dar imeniacha hoi: mliokwenda ukumbini, semeni ukweli

#1 Kiti cha Nyuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Ijumaa nilikwenda kuangalia Sarafina jukwaani, lile igizo la nyimbo la wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, enzi za makaburu. Kikundi ni cha hapahapa Dar. Jina la kikundi na la ukumbi nayaacha. Waliokuwepo wanajua, na sitaki vijana wa watu waanze kufuatwa kwenye kurasa zao na kutukanwa. Ila nilitoa elfu thelathini mlangoni (VIP walitoa hamsini kwa viti vilevile vya plastiki, vyao vimevishwa kitambaa cheupe tu), kwa hiyo nilichokiona nitakisema.

Wengi wetu Sarafina tunaijua kwa ile filamu ya 1992, ya Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg, Miriam Makeba akiwa mama. Tumeiangalia mpaka tukakariri. Lakini kabla ya filamu ulikuwepo mchezo wa jukwaani. Aliutunga Mbongeni Ngema, kwenye muziki akashirikiana na Hugh Masekela, ukafunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mandela yuko gerezani, makaburu wako madarakani, na watu wanapanda jukwaani kuimba aachiwe! Mwaka uliofuata ukaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na kuchezwa mara 597. Leleti alipoanza alikuwa na miaka 17. Waigizaji wenzake walikuwa vijana wa vitongojini kama yeye, hakuna staa hata mmoja.

Nayasema haya kwa sababu huu si mchezo wa matajiri. Mwaka ule tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya Broadway, kwa igizo bora la muziki ilikwenda kwa The Phantom of the Opera, wale wenye taa ya fahari inayoporomoka kutoka darini. Sarafina haina mambo hayo. Mtaji wake ni sauti za watoto wa shule wanaoimba pamoja mpaka mishipa ya shingo inatoka. Ukiziondoa hizo, unabaki na sare za shule na stori ambayo kila mtu anaijua.

Sasa Ijumaa. Tangazo lilisema saa moja jioni. Saa mbili kasoro MC akatoka, akachekesha, akashukuru wadhamini mmoja mmoja, akatutaka tupige makofi kwa ajili ya "sisi wenyewe". Sawa, tumezoea. Wimbo wa kwanza ukaanza, na haikuchukua nusu dakika nikajua tumepigwa: pleibeki! Sauti iko kwenye spika, midomo ya watoto inaikimbiza kwa nyuma. Mstari wa mbele kulia alikuwepo binti aliyeacha kabisa kufungua mdomo, anacheza tu na kutabasamu.

Tulipofika kwenye ule wimbo wa Sala ya Bwana, CD ikakwama, ikawa inarudia kipande kilekile. Watoto wakaganda mikono ikiwa juu. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akaona isiwe tabu, akaendelea kuimba kwa koo lake mwenyewe. Wakuu, ile sauti ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye spika! Wenzake wakamdaka, wa sauti ya nne wakaingia, na ukumbi uliokuwa unapiga soga ukatulia tuli. Hapo ndipo hasira zilinipanda, maana nilijua kumbe wanaweza. Mistari michache baadaye fundi mitambo akapata pa kuendelea, CD ikawafunika tena.

Halafu tukio la risasi. Askari wanaingia na bunduki za mbao, watoto wanaanguka, kimya, na ndipo spika inakumbuka: pa! pa! pa! Watu wakaangua kicheko. Na mmoja wa maiti naye akacheka, tumbo linapanda na kushuka. Ile ni Soweto, tarehe 16 Juni 1976, polisi walipowapiga risasi wanafunzi walioandamana. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12, na ile picha yake akiwa amebebwa, dada yake anakimbia pembeni, ilizunguka dunia nzima. Sisi tukacheka. Siwalaumu waliocheka, hata mimi midomo ilinichezacheza.

Tatizo la tatu, filamu na mchezo wa jukwaani vimepondwapondwa pamoja. Jukwaani wanafunzi wanaandaa onyesho la shule la mwisho wa mwaka, wanaota siku Mandela atakapotoka, na Sarafina ndiye anayemwigiza Mandela. Mwalimu wao anaitwa Mistress It's a Pity. Hawa wetu wakaanza na mwalimu wa kwenye filamu, akakamatwa, katikati wakarukia onyesho la shule, na yule mwalimu hatukumsikia tena. Jirani yangu akaniuliza, "Huyu anayejifanya Mandela ni nani tena?" Sikuwa na jibu fupi.

Niwape haki yao. Binti aliyecheza Sarafina anajua kazi, hasa pale anapozungumza peke yake bila muziki. Na mwisho walipoimba Mungu Ibariki Afrika, CD haikuwepo (nadhani waliisahau), ukumbi mzima tukasimama tukaimba nao. Ndiyo dakika pekee niliyoona thamani ya hela yangu.

Waliokwenda, ni mimi tu nina roho mbaya au?

#2 Chenji Imebaki

Elfu thelathini mkuu? Ungekula kuku mzima na nauli ya bajaji ikabaki. Pole.

#3 Mama Wawili

Huna roho mbaya. Nilikwenda na wanangu, wa darasa la tano na la pili, kwa sababu wiki ile shuleni walikuwa wamefundishwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Nikasema safi, wakaone wenyewe ile tarehe 16 Juni ilitoka wapi. Mdogo akaniuliza kwa sauti, "Mama, mbona amekufa anacheka?" Watu wa mbele wakageuka. Nyumbani nilianza upya kuwasimulia kila kitu, na nilikuta mkubwa anajua mengi kuliko yaliyoonyeshwa pale.

Na muda jamani! Tumetoka saa tano na robo usiku. Kama mmeandika ni onyesho la familia, kumbukeni familia ina watoto wanaolala. Mapumziko yenyewe yalizidi nusu saa na kulikuwa na soda za moto tu.

#4 Dawati la Mbele

Mimi nilikuwepo na niliipenda, nitasema peke yangu kama itabidi. Wabongo tuna ugonjwa. Mtu akithubutu kitu, tunapima kwa rula ya Marekani. Wale watoto wanafanya mazoezi jioni baada ya kazi na masomo, wengine wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto kwa daladala. Ukumbi unalipiwa kwa saa. Gharama ya sare, taa, matangazo, kibali, yote inatoka mfukoni mwa mtu mmoja aliyekopa. Halafu mtu anakaa kwenye kiti anahesabu CD imekwama mara ngapi.

Kuponda ni rahisi. Mkiendelea hivi, mwakani hakuna atakayethubutu, tutabaki na vichekesho vya dakika mbili kwenye simu.

#5 Kiti cha Nyuma

Dada/kaka #4, rula ya Marekani sijaitoa mfukoni. Nimesema kinyume chake. Ngema huyohuyo, kabla ya Sarafina, alitengeneza Woza Albert! na Percy Mtwa na Barney Simon, mwaka 1981. Waigizaji wawili tu jukwaa zima, makasha mawili matatu na pua za bandia, wanacheza watu chungu nzima. Ilizunguka dunia. Kwa hiyo hoja ya ukata siikubali kwa mchezo huu hasa. Wangekuja na The Phantom ningewavumilia taa isipoanguka.

Na kiingilio si sadaka. Ukinitoza, nimekuwa mteja. Mngetangaza kuwa ni mazoezi ya wazi, elfu tano mlangoni, ningekuja na ningepiga makofi mpaka mikono iume.

#6 Fundi Spika

Naomba nieleze upande wa mitambo maana hiyo ndiyo kazi yangu (pale sikuwepo kikazi, nilikwenda kama mtazamaji).

Pleibeki haiji kwa sababu watu ni wavivu. Inakuja hivi. Una waimbaji ishirini na kitu, una maiki za shavuni sita. Unawapa wahusika wakuu, kwaya inabaki bila kitu. Unaongeza maiki za mkononi au za stendi pembeni. Ukumbi ule una kuta tupu na dari ya bati, sauti inagonga na kurudi. Unapandisha kwaya isikike, maiki zinaanza kupiga miluzi. Unashusha, kwaya inapotea. Hapo imeshafika jana ya onyesho, mwongozaji kapaniki, anasema wekeni CD tuwe salama. Nimeona kwenye harusi, nimeona kwenye kampeni.

Dawa yake haina gharama kubwa. Spika za mbele ziwekwe mbele ya mstari wa waimbaji, zisiwe nyuma yao. Maiki nyepesi za kwaya zining'inizwe juu, mbili au tatu zinatosha jukwaa lile. Bendi ishushwe. Nendeni Jumapili kwenye usharika wowote wa hapa mjini, mtakuta kwaya ya watu arobaini inaimba mubashara na mitambo ya kawaida kabisa, na maneno yanasikika mpaka mlangoni. Sisi tuna mafundi wa kwaya wazuri mno, ila watu wa maigizo hawawaiti, wanamwita DJ.

Mlio wa risasi ndio sina utetezi. Hiyo ni kidole cha mtu hakikuwa kwenye kitufe.

#7 Mstari wa Mbele Kulia

Nimesoma uzi huu tangu asubuhi nikijiuliza niandike au niache. Huyo binti aliyeacha kufungua mdomo ni mimi.

Sababu ni kwamba toleo lililopigwa siku ile si lile tulilofanyia mazoezi. Sisi tulizoea kuimba na kinanda na ngoma mbili. CD ililetwa Alhamisi usiku, ina beti tusizozijua na marudio yamezidi. Wenzangu waliamua kubahatisha midomo, mimi nikaona bora nicheze vizuri kuliko kutafuna hewa. Nilitabasamu kwa sababu tuliambiwa tutabasamu.

Aliyeimba CD ilipokwama amefurahi sana kusoma hapa, ila hataki jina lake litajwe. Kicheko kile cha kwenye risasi kilituuma, wengine walilia nyuma ya pazia. Si kwamba hatujui kilichotokea Soweto. Tulisomeshana wenyewe, tukaangalia picha, tukaandika majina.

#8 Dawati la Mbele

#7 asante kwa kuja. Mwanzisha uzi, unaona sasa? Hawa ndio uliokuwa unawachambua.

#9 Kiti cha Nyuma

Ninaona vizuri kabisa, na #7 amethibitisha nilichoandika: wanaweza kuimba, wakanyimwa. Lawama yangu iko kwa aliyeleta CD Alhamisi usiku. #7, shikamoo kwa uvumilivu wako ingawa inawezekana nimekuzidi umri.

#10 Binti Kihonda

Kwetu Morogoro mnatusahau. Mnaongelea Soweto kama iko sayari nyingine wakati Mazimbu ipo hapa. Baada ya 1976 vijana waliokimbia walikuja huku, serikali ikawapa ANC, chama cha kina Mandela, eneo la shamba la zamani la mkonge, wakajenga shule. Ilianza 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Iliendeshwa mpaka 1992 ilipokabidhiwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya wapigania uhuru yako palepale, mabweni waliyojenga wanafunzi wanalala mpaka leo.

Bibi yangu alikuwa anauza ndizi na maandazi njia ya Mazimbu. Nyimbo za kina Sarafina alizisikia live miaka kabla hatujaona filamu, na mpaka uzeeni alikuwa anazifuatisha bila kujua maneno yanasema nini.

Sasa kikundi cha Dar kinaweka Sarafina, jarida la mlangoni kurasa nane, matangazo ya wadhamini kurasa tano, Mazimbu haijatajwa hata kwa mstari mmoja! Hilo halihitaji maiki wala dari nzuri.

#11 Zamu ya Jumatatu

Nyie mmepita mbali na kosa kubwa kuliko yote. Mchezo umeigizwa kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kiingereza chenyewe cha kulazimisha, na lafudhi ya Kisauzi ya kuigiza juu yake. Nusu ya maneno sikuyapata, na mimi nafundisha sekondari. Watoto wa Soweto waliandamana kwa sababu walilazimishwa kusoma hisabati na masomo mengine kwa Kiafrikana. Sisi tunaigiza uasi wao kwa lugha ambayo waigizaji wenyewe inawapa taabu. Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963. Sarafina inashindikana vipi?

Nyimbo ziacheni kwa Kizulu chake, mazungumzo yawe Kiswahili. Ile sehemu ya utani darasani ingeua watu mbavu.

#12 Mchokonozi

#11 naunga mkono hitimisho, napinga njia. Wale wanafunzi hawakuandamana wakidai Kizulu wala Kisotho. Walikataa Kiafrikana kwa sababu kilikuwa lugha ya mtawala na walimu wenyewe hawakukimudu. Kiingereza wengi walikuwa radhi nacho. Ukitaka kutumia Soweto kwenye ugomvi wetu wa lugha ya kufundishia, beba na hiyo sehemu.

Ila jukwaani Kiswahili, ndiyo, hata kesho.

#13 Jirani wa Ngong Road

Kutoka Nairobi. Poleni sana, lakini hata huku tumekula hasara kama hiyo mara nyingi tu. Ninachoweza kusema kuhusu lugha ni hiki. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu wa kina Ngũgĩ wa Thiong'o, ilirudishwa Kenya National Theatre, ile iliyopigwa marufuku kijijini Kamirithu 1977. Waliicheza kwa Kikuyu siku zake na kwa Kiingereza siku zake. Mimi nilienda zote mbili. Kwa Kiingereza watu walisikiza kwa adabu. Kwa Kikuyu wazee walikuwa wanawajibu waigizaji kutoka kwa viti, wanaimba kabla kwaya haijaanza. Waigizaji walewale, na jukwaa ni lilelile.

#14 Chenji Imebaki

Swali la kizushi: hivi walikuwa na ruhusa ya kuigiza Sarafina, au ni kujichukulia tu?

#15 Mchokonozi

Waulizwe wenyewe, lakini watu wachanganue. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni cha kufanya onyesho. Ruhusa ya mwenye kazi ni jambo jingine. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ngema amefariki Desemba 2023 kwa ajali ya gari, kwa hiyo kazi bado ina wenyewe kwa miaka mingi. Na mikataba ya maigizo ya muziki kwa kawaida haikuruhusu kukatakata na kuunganisha utakavyo, kwa hiyo ile pondaponda ya filamu na jukwaa ingeweza kuwa kesi hata kama wamelipa.

#16 Mama Wawili

Nimerudi. Shemeji yangu alikwenda onyesho la Jumamosi iliyofuata, ameniambia hakuna CD! Kinanda na ngoma tu. Mlio wa risasi ulipigwa na mpiga ngoma kwa fimbo kwenye ubavu wa ngoma, ukaenda sawasawa na watoto wanavyoanguka, hakuna aliyecheka. Lakini anasema kufikia nusu ya pili sauti za watoto zilikuwa zimekauka, mbili tatu zimepasuka kabisa, na mwalimu bado anapotea katikati ya stori. MC yupo palepale na utani uleule.

#17 Fundi Spika

Sauti kukauka ni lazima kama hawasikiki wenyewe jukwaani, kila mmoja anapiga kelele kumshinda mwenzake. Wapewe spika mbili ndogo zinazowatazama wao. #7 mwambieni mwongozaji anitafute inbox, nitakuja na zangu bure kwa maonyesho yaliyobaki. Usafiri tu.

#18 Mstari wa Mbele Kulia

Nimemfikishia. Amesema kwanza anataka kujua wewe ndiye uliyeandika habari ya DJ.

#19 Fundi Spika

Ndiyo mimi. Na nasisitiza.

#20 Kiti cha Nyuma

Tiketi ya Ijumaa inakubaliwa mlangoni au ndiyo tunalipa upya?

#21 Mstari wa Mbele Kulia

Unalipa upya. Ila VIP imeshuka, elfu arobaini, vitambaa vimerudishwa kwa mwenyewe.